Ndiyo ya Obadia

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho changu cha ukalimani. Karani alikipokea dirishani, akakikata kona kwa mkasi, akaniuliza kama nina kalamu ya kusainia. Nilikuwa nayo. Ndivyo nilivyostaafu.

Ninyi mnaoanza kazi hii Guangzhou mmekuwa mkinipigia simu kila mahakama inapowaita kwa mara ya kwanza, na swali lenu huwa ni lile lile: "Mama, nikienda kule nitakuta nini?" Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande, huku wali unaungua jikoni. Sasa nina nafasi. Habari za malipo na za nani alipandishwa cheo siandiki, kwa kuwa hizo za kwanza mtaambiwa na ofisi na hizo za pili hazimhusu mkalimani, maana mkalimani hana cheo cha kupandishwa.

Nilifika China kutoka Njombe kwa ufadhili wa masomo, kusomea uhandisi wa nguo. Nilipomaliza nikapata kazi Zhongda, kwenye lile soko la vitambaa, ya kuwasaidia wafanyabiashara wa kwetu. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kati ya mama wa Mbeya na laoban mwenye duka, kukunjua jora zima juu ya meza, kupitisha kiganja kutafuta nyuzi zilizoruka, na kumwambia laoban kwa adabu kwamba kitambaa hiki sicho alichotuonyesha jana. Kichina changu nilikipata pale, si darasani. Darasani nilifundishwa kusema, "Habari ya asubuhi, mwalimu." Zhongda nilifundishwa kusikia mtu anaposema "mei you," hakuna, na kujua kama kweli hakuna au hataki tu kupanda ngazi kwenda stoo.

Siku moja ofisi ya wakalimani ilinipigia. Mahakama ya wilaya ilikuwa na kesi ya mwanamke wa Iringa aliyempiga mwenye duka kwa hanga ya chuma, naye alisema hajui lugha nyingine ila Kiswahili. Kiingereza alikijua kidogo, baadaye aliniambia, lakini siku hiyo hakutaka kukijua.

Nilifika saa moja kabla. Fikeni saa moja kabla. Mlinzi atachukua simu yenu na kuiweka kwenye kikasha chenye namba, atafungua mkoba, atanusa chupa ya maji. Kisha mtakaa kwenye benchi, na hapo mtakaa sana. Kunyweni maji kidogo, maana mkalimani akitoka kwenda msalani kesi nzima inasimama na wote wanajua kwa nini. Karani atawapa karatasi ya kuahidi kwamba mtatafsiri kwa ukweli na kwamba mkidanganya kwa makusudi mtashtakiwa ninyi. Isomeni yote kabla ya kusaini. Mimi sikuisoma, nilisaini tu.

Ndani, hakimu alikaa katikati. Kulia na kushoto kwake walikaa raia wawili wasio mahakimu, watu wa kawaida walioitwa kutumikia. Hakimu alipowatambulisha, ikanibidi nipate neno la Kiswahili papo hapo. Nikakumbuka mahakama zetu za nyumbani, nikasema, "Hawa wawili ni wazee wa baraza." Yule dada wa Iringa akawaangalia. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na saba, mwenye kibanio cha rangi ya waridi kichwani.

"Huyo ndiye mzee?" akaniuliza.

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutafsiri kila kitu, nikatafsiri. Msichana akainama kuandika kitu ambacho sidhani kilikuwa kitu.

Neno hilo nililiendeleza miaka yote, ila nilijifunza kuongeza maelezo mapema, kwa ruhusa ya hakimu. Kwetu mzee wa baraza anatoa maoni na jaji anaweza kuyaacha. Pale, kura yao ilikuwa na uzito sawa na ya hakimu. Watatu wanakwenda chumba cha nyuma, wawili wakikubaliana imekwisha. Mshtakiwa ana haki ya kulijua hilo, kwa sababu bila hivyo ataongea na hakimu peke yake na kuwapa mgongo watu wenye kura mbili kati ya tatu. Na ukiwa mkalimani, lijue pia, ili usiwe unaongea na hakimu peke yake wewe mwenyewe.

Kosa langu la siku ya kwanza lilikuwa neno "anasema." Mshtakiwa akisema, "Niliumia," mimi nikitafsiri, "Anasema aliumia." Hakimu akauliza, "Nani anasema? Karani aandike nani?" Mapumziko yalipofika, mwanamke mwembamba aliyekuwa akingoja kesi ya Mkongo mmoja alisogea kwenye benchi langu akafungua chakula chake. Huyo alikuwa Bi Feng, mkalimani wa Kifaransa, mzaliwa wa Guangzhou, aliyekuwa na miaka ishirini kwenye kazi. Alivaa vikono vya kitambaa kulinda mashati yake dhidi ya wino, kama karani wa posta.

"Ukiwa pale ndani hupo," aliniambia. "Akisema niliumia, useme niliumia. Akitukana, tukana. Akinyamaza, na wewe unyamaze. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu."

Ilikuwa ngumu kweli. Kesi yangu ya nne au ya tano ilikuwa ya mwanafunzi wa Kizanzibari, kijana mpole aliyekamatwa kwa kosa dogo. Hakimu alimuuliza kama ana lolote la kusema, akatikisa kichwa tu, machozi yakimtoka. Nami nikasema, bila kuulizwa, kwamba ni mtoto mzuri, yuko hapa kwa ufadhili, anaswali na kusoma. Hakimu akaweka kalamu chini. Jina lake lilikuwa Luo, mtu wa sauti ya chini.

"Mkalimani," akasema, "wewe ni shahidi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi karani, futa."

Alipofuta, ikabidi nisaini kwenye mstari uliofutwa na kuweka dole gumba la wino mwekundu juu yake. Kila ukurasa wa kumbukumbu mtausaini na kuupiga dole, na kila sahihisho pia. Wino huo hautoki kwa sabuni. Nilikwenda nao nyumbani.

Bi Feng aliposikia hakunihurumia. "Ukiona neno limeharibika, inua mkono, omba ruhusa, sema," aliniambia. "Ukiona mtu ameharibikiwa, endelea kutafsiri. Huwezi kufanya yote mawili, wataacha kukuamini katika lile la kwanza."

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Penseli mbili, kwa kuwa kalamu huwa zinaisha wakati wa hukumu. Daftari nililoligawa kwa mstari wa katikati, tarakimu na majina kushoto, maneno kulia. Na daftari jingine la jalada la kijani, ambalo lilikuwa kamusi yangu, maana hakukuwa na kamusi ya Kichina na Kiswahili yenye maneno ya sheria ya kutosha. Humo niliandika rufaa, kizuizini, kuahirisha, kutengua, kila neno na siku niliyolikosea. Nimempa mmoja wenu. Anajijua, na akumbuke kulirudufu.

Halafu ikaja ile miaka ya msako wa wageni wasio na viza. Wale mliokuja juzi hamwezi kujua. Asubuhi mtu anatoka soko la Liuhua na mifuko miwili ya viatu, anakuta polisi wamesimama mlangoni, pasipoti. Anakwenda soko la nguo la Shisanhang, pasipoti. Viza zilikuwa zimekuwa fupi na kuongeza muda kumekuwa kugumu, na mawakala wakatokea kila kwenye lifti ya hoteli, wakinong'ona kwamba wao wana mtu ndani. Wengine walikuwa na mtu. Wengine walikuwa na mashine ya kuchapishia.

Mahakama ilianza kuniita mara mbili kwa wiki. Mimi mwenyewe kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha mwaka ule, na ofisi ya kukihuisha ilikuwa chini ya watu wale wale wa usalama walioandaa kesi nilizokuwa nikitafsiri. Hakuna aliyewahi kunitisha. Lakini kila nilipopita kwenye korido nikasalimiwa na ofisa, nilijiuliza kama anakumbuka jina langu kwa wema.

Obadia aliletwa mahakamani katikati ya miezi hiyo. Alikuwa mtu wa Kahama, miaka kama thelathini na nane, kiongozi wa kwaya kanisani kwao, mnunuzi wa nguo za watoto kule Shisanhang. Alishtakiwa kwa kununua stempu bandia ya kuongeza viza. Alikuwa ametoa pasipoti yake kwa wakala, wakala akairudisha baada ya siku kumi ikiwa na stempu nzuri ndani, Obadia akaendelea kununua magauni. Mlangoni Liuhua, polisi alipoiomba, aliitoa haraka. Stempu ilikuwa bandia. Wakala hakuonekana tena.

Kesi yote ilisimama kwenye swali moja: alijua au hakujua? Kama alijua, ni jela na kisha kurudishwa nyumbani. Kama hakujua, hakuna kosa la jinai.

Hakimu alikuwa yule yule Luo. Mzee wa baraza mmoja alikuwa mhandisi wa mitambo aliyesinzia kidogo baada ya chakula cha mchana, nasema hivyo bila ubaya. Mwingine alikuwa Bi Tan, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni. Hakimu alimuuliza Obadia kama ana pingamizi na mkalimani. Obadia akanitazama.

"Dada ni mtu wa wapi?"

Nikamtafsiria hakimu swali hilo. Akaruhusu nijibu.

"Njombe," nikasema.

"Basi sina pingamizi," akasema Obadia, kana kwamba Njombe na Kahama ni mtaa mmoja.

Mwendesha mashtaka, kijana nadhifu, akasoma maelezo ya kituoni. Alipofika kwenye swali la nne niliacha kuandika. Swali: Hukujua kwamba ni bandia? Jibu: Nilijua. Chini yake, sahihi ya Obadia na dole lake jekundu.

Nilimtafsiria. Akasimama kabla hajaambiwa.

"Sikusema hivyo," akasema. "Dada, waambie, sikusema hivyo. Yule kijana aliyekuwa anatafsiri kituoni alikuwa anaongea Kiingereza. Akaniuliza, hukujua ni bandia? Nikamjibu, *yes*. Ndiyo. Hukujua? Ndiyo, sikujua."

Pale pale nikaona kilichotokea, kwa uwazi kama uzi uliokatika kwenye kitambaa. Sisi ukiulizwa, "Hujala?" na kweli hujala, unajibu, "Ndiyo, sijala." Wachina nao hujibu vivyo hivyo, neno kwa neno. Lugha hizi mbili zinakubaliana kabisa. Kiingereza kinakataa. Kwao *yes* hapo inamaanisha umekula. Polisi aliuliza kwa Kichina, Obadia akajibu kwa akili ya Kiswahili, na kila mmoja angemwelewa mwenzake kama wasingewekewa Kiingereza katikati. Mkalimani wa kituoni, mwanafunzi labda, alisikia *yes* akafuata kanuni aliyofundishwa shuleni. Hakuwa na ubaya wowote.

Nikatafsiri maneno ya Obadia kama alivyoyasema. Mwendesha mashtaka akaeneza mikono. "Mheshimiwa, mshtakiwa mwenyewe amekiri kwamba jibu lake lilikuwa la kukubali. Sasa anabadilisha. Alisomewa maelezo, akasaini."

Wakili wa Obadia, aliyepangiwa kesi juzi yake, akafunua karatasi na kuzifunika. Hakimu akageuza ukurasa.

Nilikumbuka mstari uliofutwa kwenye kesi ya yule Mzanzibari. Nilikumbuka kibali changu, na nitasema ukweli, nilikumbuka kibali kwanza. Kisha nikajiuliza swali la Bi Feng: kilichoharibika hapa ni mtu au ni neno? Lilikuwa neno. Nikainua mkono.

"Mkalimani ana nini?" akauliza Hakimu Luo.

"Naomba kueleza jambo la lugha, mheshimiwa. La neno moja tu."

"Siyo sasa," akasema. "Endelea, mwendesha mashtaka."

Nikashusha mkono. Niliendelea kutafsiri, vidhibiti, picha za pasipoti, yote, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. Ilipofika zamu ya maswali ya baraza, mhandisi hakuwa na swali. Bi Tan alivaa miwani yake.

"Mimi nina moja," akasema. "Kwenye karatasi hii swali na jibu vimeandikwa Kichina. Lakini mshtakiwa hajui Kichina. Nataka kujua lugha gani ilikuwa katikati, na kama mkalimani alikuwa anataka kusema kuhusu hilo."

Hakimu akanigeukia. "Eleza. Kwa kifupi."

Nikaeleza. Sikusema kama Obadia ni mkweli au mwongo. Nilisema jinsi Mswahili anavyojibu swali lenye kukanusha, jinsi Mchina anavyojibu, na jinsi Mwingereza anavyojibu. Mwendesha mashtaka akasema hayo ni maneno ya mkalimani tu, hayana ushahidi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Basi tuulize," akasema Bi Tan. Akamgeukia Obadia kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili. "Leo asubuhi hujanywa chai?"

Nikatafsiri. "Ndiyo," akajibu Obadia.

"Umekunywa au hujanywa?"

"Sijanywa, mama. Walitupatia uji."

Mwendesha mashtaka alikuwa amesoma Kiingereza vizuri, na sitamsahau kwa alichofanya baadaye, maana angeweza kukaa kimya. Aliomba ruhusa, akamuuliza Obadia yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, taratibu: hujawahi kufika Beijing?

"*Yes*," akasema Obadia.

"Umefika Beijing?"

Obadia akashangaa. Akanijibu mimi kwa Kiswahili: "Beijing nikafuate nini, dada? Nguo ziko hapa."

Nikatafsiri. Mhandisi, aliyekuwa macho sasa, alicheka, na hakimu akamwacha acheke. Mwendesha mashtaka alibaki amesimama, akiangalia karatasi yake, akikisoma tena kile kipande cha swali la nne kwa midomo isiyotoa sauti. Hakimu akaahirisha kesi.

Wiki sita baadaye mashtaka yaliondolewa. Mahakama haikutamka kwamba hana hatia, na msitegemee kusikia neno hilo mara nyingi. Mlango ulifunguliwa tu, kimya kimya. Lakini viza yake halisi ilikuwa imeisha muda mrefu, hilo halikuwa na ubishi, kwa hiyo aliamriwa kuondoka nchini, na asirudi kwa miaka kadhaa. Niliitwa kumsomea amri hiyo kwenye chumba kidogo chenye feni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sina kosa," akasema, "lakini naondoka."

Nikatafsiri. Ofisa akafikiri, akasema, "Ndivyo."

Obadia aliweka dole lake, nami langu. Alipokuwa anapangusa wino kwenye suruali alitaka kunishukuru. Nikamwambia sijamfanyia kitu, nimesema aliyoyasema. Ilikuwa ni kweli, na bado niliporudi nyumbani nilikaa kwenye kitanda na viatu miguuni hadi iliponiingia vizuri moyoni kwamba amekwenda.

Baada ya hapo mahakama haikuniita kwa miezi mitano. Sikuambiwa kwa nini nami sikuuliza. Nilirudi Zhongda kukunjua majora. Nilipeleka maombi ya kibali nikiwa nimeshafunga vitabu vyangu kwenye maboksi, na kibali kikatoka siku ile ile waliyoniahidi, bila swali hata moja. Hadi leo sijui kama niliogopa kitu kilichokuwepo. Bi Feng alisema hata mtu akijua, haisaidii, kwa sababu hofu hiyo mtakuwa nayo kila mtakapoinua mkono, iwe na sababu au isiwe nayo, na kazi ni kuuinua huku mnaogopa. Mwezi wa sita simu ikalia, kesi mpya, hakimu Luo, saa tatu asubuhi. Nikaenda saa mbili.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baada ya hapo na kesi nyingine nimezisahau. Obadia nisingemsahau, lakini sikutegemea kumsikia tena. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekuja likizo Njombe, alinipigia. Namba aliipata kwa wanakwaya, msiniulize wanakwaya wa wapi.

"Dada," akasema, "nimeletewa wito wa Mahakama Kuu. Wanataka niwe mzee wa baraza. Kesi ya mauaji. Wewe umekaa sana mahakamani. Nikienda kule nitakuta nini?"

Nilimwambia ninayowaambia ninyi. Afike mapema. Anywe maji kidogo. Asimwangalie jaji tu, amwangalie na mshtakiwa. Asiamue kabla ya siku ya mwisho, hata kama wenzake wameshaamua wakati wa chai. Alikuwa anaandika, nilisikia karatasi.

Wiki mbili baadaye alipiga tena. Kesi ilikuwa imekwisha. Mshtakiwa alikuwa mzee wa vijijini asiyejua Kiswahili vizuri, wamemwekea mkalimani wa Kisukuma. Obadia alisema siku zote nne alijizuia, akauliza swali moja tu.

"Uliuliza nini?"

"Nilisimama siku ya kwanza, kabla hawajaanza," akasema. "Nikamuuliza yule mzee kama anaelewana na mkalimani wake."